Maji ya Ubatizo na Maji ya Mwongo

Fundisho kwa wakatekumeni, juu ya amri ya tano na amri ya nane



Ninyi mnangojea maji. Mmejifunza sala na amri za Mungu, majina yenu yameandikwa, na siku moja padri atawaita mbele ya watu wote awamiminie maji ya ubatizo. Leo tutasoma habari ya watu wengine waliongojea maji kama ninyi. Waliingia mtoni wakitafuta uzima, na wengi wao hawakurudi nyumbani. Jambo hili lilitendeka mwaka 1925, katika nchi ya Walala, pande zote mbili za mpaka wa Katanga. Someni polepole. Mwongo aliyewapoteza watu wale amekufa zamani, lakini hila yake haikuzikwa pamoja naye.

1. Habari ya Tomo Nyirenda

Tomo Nyirenda alitoka Nyasaland, nchi iitwayo leo Malawi. Alisoma katika misioni ya Waprotestanti wa Scotland huko Livingstonia. Alijua kusoma na kuandika, tena aliyajua maneno ya Biblia. Baadaye alikwenda kutafuta kazi Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Huko akapokea mafundisho ya Watch Tower, na mwaka 1925 akaanza kuhubiri mwenyewe kati ya Walala.

Mwanzoni maneno yake yalikuwa matamu. Aliwaambia watu wapendane, wawakaribishe wageni, waache mambo maovu. Aliwaahidi kwamba mwisho wa dunia hii ya taabu umekaribia, kwamba watu weusi wa Marekani watakuja kuwaokoa, na kwamba waliobatizwa watapata mali na raha. Watu wakamkimbilia kwa mamia. Naye akajiita Mwana Lesa, maana yake Mwana wa Mungu, kwa kuwa Lesa ndilo jina la Mungu katika lugha yao.

Kisha akaongeza neno lingine. Akasema kwamba katika vijiji wamo walozi waliojificha, nao ndio wanaozuia baraka. Yeye peke yake amepewa uwezo wa kuwafichua, na chombo chake ni maji ya ubatizo. Aliyezamishwa akazama mwili mzima, huyo ni mwema. Ambaye hakuzama sawasawa, huyo ni mlozi.

Alikuwako sultani mmoja wa Walala, jina lake Shaiwila. Huyu alimpokea Nyirenda kwa furaha, maana alikuwa na watu aliotaka waondoke machoni pake. Basi mlozi akatafutwa, na mlozi akapatikana. Upande wa Rhodesia ya Kaskazini waliuawa watu 22. Kisha Nyirenda akavuka mpaka akaingia Katanga, na huko wakauawa watu wengi zaidi, hata hesabu yao ikapita 100. Askari wa serikali ya Wabelgiji walipotumwa kumtafuta, akakimbia akarudi alikotoka. Akakamatwa mwaka ule ule, akahukumiwa, na mwaka 1926 akanyongwa. Sultani Shaiwila naye alinyongwa.

Imetupasa kusema haki hata juu ya wale tusiosali pamoja nao. Watch Tower haikumtuma mtu huyu kuua, wala haikumwita Mwana wa Mungu. Uuaji ule ulitoka kwake mwenyewe, na kwa wale waliomtumia, na kwa wale waliomfuata.

2. Kwa nini watu wema walimwamini?

Mtu akisoma habari hii haraka atasema, «Walala wale walikuwa wajinga.» Asiseme hivyo. Walikuwa wakulima na wawindaji, baba na mama za watoto, wenye akili kama sisi. Walimwamini kwa sababu tatu, na sababu hizo tatu zimo hata katika vijiji vyetu.

Ya kwanza ni huzuni ya kweli. Watoto walikufa na watu hawakujua ugonjwa. Miaka michache nyuma, mwaka 1918, homa kubwa ya mafua ilipita katika dunia nzima, ikaua watu wengi katika Afrika ya kati. Mtu aliyezika watoto wake hutaka kujua sababu. Asipopata jibu la kweli, atapokea jibu lolote.

Ya pili ni hasira juu ya wakubwa. Zamani, mtu akishitakiwa ulozi, wazee walimnywesha mwavi, na mwavi uliua wengi wasio na kosa. Serikali ya Waingereza ikaukataza, na sheria ya mwaka 1914 ikamwadhibu pia mtu anayemtaja mwenzake kuwa mlozi. Sheria hiyo ilikusudia kulinda maisha, lakini haikuwaondolea watu hofu yao. Wakanong'ona wakisema, «Serikali inawalinda walozi. Mapadri na wachungaji nao wanajua, lakini wanatuficha.» Mnong'ono huo ulikuwapo kabla ya Nyirenda. Yeye hakuupanda; alikuta shamba limekwisha kulimwa.

Ya tatu ni mchanganyiko wa kweli na uongo. Sumu hutiwa ndani ya chakula kizuri. Nyirenda alisema juu ya Mungu, juu ya upendo, juu ya kutubu na kubatizwa. Watu waliyatambua maneno hayo, wakafikiri kwamba lile neno la mwisho nalo limetoka kwa Mungu.

3. Hila ya maji

Tuitazame sasa hila yenyewe, maana hila ikiangaliwa mchana hupoteza nguvu.

Mtu aliyejaza pumzi kifuani huelea. Mtu aliyetoa pumzi huzama. Mwenye hofu huvuta pumzi kwa nguvu. Kwa hiyo yule anayeogopa zaidi, yule bibi mzee ambaye hajazoea mto mkubwa, ndiye ambaye mwili wake utapanda juu. Maji hayajui mlozi. Maji yanajua pumzi tu.

Tena, aliyebatizwa kwa namna ile hakujizamisha mwenyewe. Alishikwa. Naye amshikaye mtu majini ndiye anayeamua kichwa kishuke kiasi gani. Hukumu ilionekana kutoka mtoni, lakini ilitoka katika mikono ya mwanadamu. Na mikono ile ilikuwa imepatana na sultani mwenye adui zake.

Waliosimama ukingoni hawakuona mapatano hayo. Waliona maji tu, wakasema, «Mungu amesema.» Wakatekumeni, kumbukeni jambo hili: mwongo mkubwa hapendi kusema mwenyewe kwamba fulani ni mwovu. Huleta kitu fulani kiseme badala yake: maji, au kioo, au ndoto, au kuku aliyechinjwa. Hivyo akiulizwa hujibu, «Si mimi niliyemtaja.»

4. Njia ya mwongo, hatua kwa hatua

Hakuna mgeni aingiaye kijijini na kusema, «Njooni tuue watu.» Akisema hivyo atafukuzwa kwa fimbo. Huanza mbali, na kila hatua ni fupi. Tuseme, ndugu msomaji, kwamba mtoto wa dada yako amefariki, na kijiji kimo katika kilio.

Hatua ya kwanza: mgeni analia pamoja nawe. Anakaa mkekani, anashika mkono wa dada yako. Kisha anasema polepole, «Mtoto huyu hakufa hivi hivi.»

Hatua ya pili: anakupa siri. Anasema kiko chama cha watu, wanajuana wao kwa wao, wanakutana usiku. Anaongeza kwamba padri anajua, mganga wa dispensari anajua, polisi wamekula fedha zao. Angalieni sana hatua hii, maana hapa ndipo mlango unapofungwa. Tangu sasa, kila atakayekuambia kwamba mgeni anadanganya amekwisha kuhesabiwa upande wa adui. Ukimwuliza padri, naye akakataa, mgeni atasema, «Unaona? Naye yumo.» Ukikosa ushahidi, atasema, «Unaona jinsi wanavyojua kuficha?» Neno ambalo kuwapo kwa ushahidi kunalithibitisha, na kukosekana kwa ushahidi nako kunalithibitisha, hilo halitafuti kweli. Hilo ni mtego.

Hatua ya tatu: anakutenga. «Usimwambie mke wako. Usimwambie katekista. Hawawezi kufahamu.» Kondoo aliyeachana na wenzake ndiye anayeliwa.

Hatua ya nne: anakuomba jambo dogo. Kuku mmoja, au fedha kidogo, au kiapo, au kusimama njiani usiku kulinda mkutano. Jambo lenyewe si kubwa, lakini baadaye ukitaka kurudi nyuma atakuambia, «Wewe ulikuwapo. Wewe uliapa. Tukianguka, utaanguka nasi.»

Hatua ya tano: jina linatajwa. Je, mnajua ni jina la nani? Mara nyingi si la mwenye nguvu. Ni la mjane asiye na watoto wa kumtetea, au mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi, au yatima anayekojoa kitandani, au mtu mwenye shamba ambalo jirani analitamani. Mkisikia jina, ulizeni kwanza: nani atapata faida mtu huyu akiondoka? Katika nchi ya Walala, aliyepata faida alikuwa sultani.

Hatua ya sita: unaambiwa utumie mkono wako. Na kwa kuwa umekwisha kupanda hatua tano, ya sita huioni tena kuwa ndefu.

Hivyo ndivyo mkulima anayempenda Mungu anavyoweza kuwa mwuaji katika muda wa mwezi mmoja, naye akifikiri kwamba analinda watoto.

5. Danieli alifanya nini?

Katika kitabu cha Danieli tunasoma habari ya Susana. Wazee wawili, waamuzi wa watu, walimshitaki uzinzi kwa sababu alikataa tamaa yao. Watu wakawaamini kwa kuwa ni wazee, wakamhukumu Susana afe. Alipokuwa akipelekwa kuuawa, kijana Danieli akapiga kelele akakataa kushiriki damu ile. Akaomba jambo moja tu: wazee wale watengwe, kila mmoja aulizwe peke yake. Akamwuliza wa kwanza, «Uliwaona chini ya mti gani?» Akataja mti mmoja. Akamwuliza wa pili, naye akataja mti mwingine. Uongo ukafunuka mchana, mbele ya watu wote.

Danieli hakuleta uaguzi wala maji. Alileta swali. Umeonaje? Wapi? Nani mwingine aliona? Na mshitakiwa anasemaje? Mtu wa kweli hakasiriki akiulizwa maswali hayo. Mwongo hukasirika, hutisha, hukuita mwenye shaka na adui wa Mungu.

Tazameni pia kwamba watu wote walikuwa wamekwisha kukubali, na mmoja alikataa. Sauti moja ilitosha kusimamisha kifo. Huenda siku moja sauti hiyo itakuwa yako.

6. Ubatizo wa Kristu hauna siri ya giza

Nyirenda aliiba jina la ubatizo. Kwa hiyo ninyi mnaongojea ubatizo, jueni vema tofauti yake.

Maji ya Nyirenda yalitafuta mwovu ili auawe. Maji ya Kristu yanampokea mkosefu ili aishi. Katika ubatizo hatuulizi nani anaelea na nani anazama. Tunajua mapema kwamba kila ajaye ni mkosefu, naye anasafishwa bure, kwa sababu Yezu amekwisha kufa kwa ajili yake. Yezu hakumzamisha adui yake; yeye mwenyewe alizama katika mauti, akafufuka, ili sisi tusipotee.

Tena, ubatizo wetu unafanyika mbele ya watu. Mnafundishwa kwa muda mrefu, na mtu yeyote aweza kukaa aisikilize katekesimu. Mna baba au mama wa ubatizo, anayejulikana kijijini. Jina lenu linaandikwa katika kitabu cha misioni. Yezu mwenyewe, alipoulizwa na kuhani mkuu juu ya mafundisho yake, alijibu kwamba amesema mbele ya watu wote, katika sinagogi na hekaluni, wala hakufundisha kwa siri. Naye alituonya kwamba watakuja watu wakisema Kristu yuko jangwani, au yumo katika chumba cha ndani, akatuambia tusiwafuate.

Mtaniuliza: «Je, Kanisa linakana kwamba uovu upo?» Hapana. Shetani yupo, na wako watu wenye nia mbaya. Anayetafuta kumdhuru jirani kwa dawa na maapizo anatenda dhambi kubwa juu ya amri ya kwanza na ya tano. Lakini jambo moja ni kusema uovu upo, na jambo lingine ni kusema, «Bibi huyu ndiye.» Mioyo ya watu inajulikana na Mungu peke yake. Yeye hakumpa mpiga ramli ufunguo wa mioyo hiyo, wala hakumpa mtu yeyote ruhusa ya kumwua jirani kwa neno la ramli.

7. Mambo ya siku zetu

Msifikiri kwamba habari ya mwaka 1925 imekwisha. Mwezi wa sita mwaka 2001, katika nchi ya Aru, huko Ituri, mamia ya watu waliuawa katika muda mfupi kwa kushitakiwa ulozi. Vita vilikuwa vimeharibu nchi, watu wameugua na kufiwa, na hofu ikatafuta kichwa cha kuangukia.

Kati ya mwaka 2018 na 2020, ugonjwa wa ebola uliua watu 2,287 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Wakati ule ule ulienea mnong'ono kwamba ugonjwa haupo, kwamba umebuniwa ili watu fulani wapate fedha. Watu walikuwa na sababu za kutowaamini wakubwa, maana vita vya miaka mingi vilikuwa vimewachosha, na watu wa Beni na Butembo walinyimwa kupiga kura mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018 pamoja na nchi nzima. Lakini hasira ya haki ikageuzwa kuwa kosa. Vituo vya kutibu wagonjwa vilichomwa moto, na mwezi wa nne mwaka 2019 daktari mmoja aliyekuja kutibu aliuawa ndani ya hospitali huko Butembo. Mwenye kusema «tumedanganywa» huenda ana haki. Mwenye kuendelea kusema «kwa hiyo chomeni, kwa hiyo ueni», huyo amepita kutoka swali hadi dhambi.

Katika miji yetu wako pia wanaojiita wachungaji au manabii, wanaowashitaki watoto wadogo kuwa ndoki, yaani walozi. Wazazi wanalipa fedha ili mtoto aombewe. Mtoto anafungwa, ananyimwa chakula, anapigwa, au anafukuzwa kulala njiani. Jueni kwamba Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Nayo sheria ya mwaka 2009 ya kuwalinda watoto yamwadhibu anayefanya hivyo kwa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Basi yeye akuambiaye, «Mtoto wako ni ndoki, lete fedha,» anavunja sheria ya Mungu na sheria ya nchi kwa neno moja.

Na leo mnong'ono haungoji mgeni aje kwa miguu. Huja kwa simu, umeandikwa au unasemwa, hakuna ajuaye ulikotoka. Kumpelekea mwenzako neno usilolijua, linaloharibu jina la mtu, ni kosa juu ya amri ya nane, hata kama kidole ndicho kilichosema na siyo kinywa.

8. Mambo yanayotupasa

Mjomba wako akija usiku na kusema, «Mwanangu, tumemjua aliyemwua mtoto, njoo,» usimtukane, maana ana huzuni. Mjibu kwa heshima, «Mjomba, umejuaje? Tuongee kesho asubuhi mbele ya wazee wote, na yule mama awepo, ajibu mwenyewe.» Kama neno ni la kweli, asubuhi haitalidhuru. Kama ni la uongo, usiku mmoja wa kungoja waweza kuokoa maisha.

Mgonjwa apelekwe dispensari mapema. Ugonjwa ukipata jina lake, kama malaria au surua, mwongo anapoteza nusu ya maneno yake.

Usitoe lile jambo dogo. Usitoe kuku, usiape, usilinde njia. Ni rahisi kutokupanda hatua ya kwanza kuliko kushuka kutoka ya tano.

Aliyetajwa jina, mwendee. Kaa naye mlangoni, kula naye mchana, watu wakiona. Hatari ikiwa kubwa, mfiche katika nyumba ya misioni au kwa jamaa za mbali, na uwapashe habari mara moja katekista, mkubwa wa kijiji na polisi. Kupeleka habari hiyo si usaliti. Msaliti ni yule anayenyamaza damu inapomwagika.

Na kama umekwisha kuingia katika chama cha namna hiyo, usifikiri kwamba njia ya kurudi imefungwa. Kiapo cha kutenda uovu hakimfungi mtu mbele ya Mungu. Toka leo. Zungumza na padri. Kama damu imemwagika, utajibu mbele ya sheria, na hilo ni sehemu ya toba. Lakini Mungu hamfukuzi anayerudi.

9. Maulizo na majibu ya kushika moyoni

Uliza: Amri ya tano yakataza nini katika jambo hili?
Jibu: Yakataza kumwua au kumdhuru jirani, hata kama ameshitakiwa ulozi, na hata kama watu wote wamekubali.

Uliza: Amri ya nane yakataza nini?
Jibu: Yakataza ushahidi wa uongo, masingizio, na kumhukumu jirani kwa haraka bila kujua.

Uliza: Je, anayekosa ni yule tu aliyepiga?
Jibu: Hapana. Mtu hushiriki dhambi ya mwingine akiamuru, akishauri, akikubali, akisifu, akisaidia, akificha, au akinyamaza wakati impasapo kusema.

Uliza: Mwongo wa siri anatambulika kwa nini?
Jibu: Anakataza maswali, anatenga watu na jamaa zao, anawaita adui wote wanaomkana, na anawataja wanyonge.

Uliza: Ubatizo wa Kristu watofautianaje na maji ya Nyirenda?
Jibu: Maji ya Nyirenda yalitafuta wa kufa. Ubatizo wa Kristu unawapa uzima wakosefu, bure, mbele ya watu wote.

10. Kusudi la juma hili

Kila mkatekumeni amfikirie mtu mmoja katika kijiji chake ambaye watu humnong'onia. Juma hili amtembelee, amchotee maji au amkatie kuni, asiongee neno la minong'ono. Jumapili ijayo, katekista atawauliza nani alikwenda. Asiulize kwa nani. Jina la mtu huyo libaki kwenu.

Sala

Ee Bwana Mungu wetu, wewe wazijua siri za mioyo, nasi hatuzijui. Watu wako wa nchi ya Walala waliingia majini wakikutafuta, wakauawa na mwongo. Wapokee katika amani yako. Utuondolee hofu inayotutia upofu. Utupe akili ya kuuliza, moyo wa kuwahurumia walioshitakiwa, na nguvu ya kukataa hata tukiwa peke yetu. Utufikishe sote kwenye maji ya ubatizo wako, tukiwa na mikono isiyo na damu ya jirani. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.